Barua tatu za kuacha kazi, zote nimeziandika kati ya siku ya 23 na ya 25 ya mzunguko wa hedhi

BintiMzizima (mleta uzi)

Habari za jioni wadada, na wakaka mnaopita kimyakimya pia.

Mwezi wa sita mwaka jana nilikuwa nafuta mafaili kwenye kompyuta ya kazini, nikakuta barua tatu za kuacha kazi. Zote nimeandika mimi, hakuna hata moja iliyotumwa. Ya kwanza 26 Machi, ya pili 24 Aprili, ya tatu 20 Mei. Ile ya Aprili ni balaa. Nimemwambia bosi maneno ambayo mtu huyasema akiwa ameshakaa kwenye basi la kurudi kwao na injini inanguruma.

Na kazi yenyewe naipenda jamani. Natunza hesabu za ghala la vifaa vya ujenzi hapa Dar, nina miaka 31, bosi hana shida, mshahara unachelewa mara mojamoja kama kwingine kote. Nikajiuliza, huyu aliyeandika hizi barua ni nani?

Jibu nililikuta ukutani nyumbani. Nina kalenda, hizi za kugawiwa bure mwisho wa mwaka, na tangu nikiwa msichana mama alinizoesha kuweka alama nyekundu siku damu inapoingia. Alama zilikuwa 3 Machi, 31 Machi na 28 Aprili. Siku ya kwanza ya damu ukiiita siku ya 1, barua zangu zimeangukia siku ya 24, ya 25 na ya 23. Nilikaa kitandani na ile kalenda mapajani kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama.

Nikaanza kukumbuka mengine. Chupa ya chai niliyoibamiza ukutani. Wifi yangu niliyemnunia wiki nzima kwa ajili ya sufuria. Siku niliyolia ndani ya daladala kuanzia Buguruni mpaka Mnazi Mmoja, eti konda kaniambia "mama, sogea". Shangazi alishasema nina jini mahaba. Nikapelekwa kuombewa, nikarudi mzima kabisa, shangazi akashangilia mtaa mzima ukasikia. Kumbe damu ilikuwa imeingia asubuhi ileile.

Basi nikanunua daftari la shule. Kila usiku kabla ya kulala naandika leo ni siku ya ngapi, nimelalaje, hasira, huzuni, matiti, tumbo kujaa, hamu ya vitamu, na kama nimegombana na mtu. Kila kimoja nakipa namba: 0 hakuna, 1 kidogo, 2 kiasi, 3 imezidi. Dakika mbili zinatosha. Nilifanya hivyo mizunguko miwili mizima kabla ya kujiambia lolote, maana ukitegemea kukumbuka, kichwa kinakuletea yale uliyokwisha kuyaamini.

Matokeo: kuanzia siku ya 6 mpaka ya 15 karibu zote ni sifuri. Siku ya 19 matiti yanaanza kuuma, hata mkanda wa pochi ukipita kifuani nausikia. Siku ya 21 usingizi unanikimbia saa nane usiku. Siku ya 23 hadi 26 ndio moto wenyewe: hasira 3, machozi 3, vitumbua sita kwa mkao mmoja. Damu ikishaingia, ifikapo jioni moyo umeshatulia hata kama tumbo linakata. Siku ya 3 ni mtu mwingine.

Humu kila mtu anaongelea maumivu ya siku zenyewe. Hizi siku kumi za kabla hakuna anayezitaja, au anazitaja kwa kejeli. Ninyi mnafanyaje? Yangu nitayaweka nikipata nafasi.

KitumbuaMoto

Vitumbua sita ni vichache. Mimi nakula maziwa ya unga kwa kijiko, gizani, nisimwamshe mtu. Nipo hapa, endelea.

Mzee wa Kigoda

Bibi zetu walilima kwa jembe la mkono wakazaa watoto tisa, hatukuwahi kusikia siku ya 23 sijui ya 25. Dada zetu mmedekezwa na simu.

BintiMzizima

Shikamoo mzee. Leo niko siku ya 24. Nimeandika jibu la aya nne nimelifuta. Nitakujibu wiki ijayo nikiwa na akili zangu.

NesiWaZamu

Mleta uzi, umefanya jambo ambalo nawaomba wengi kliniki walifanye na hawalifanyi. Niko upande wa akina mama miaka 12 sasa, ngoja niongeze nyama.

Mzunguko wa mtu mzima huwa kati ya siku 21 na 35. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya damu inayofuata. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, na namba za mleta uzi hazitamkaa. Huyo ahesabu kurudi nyuma kutoka damu inayokuja. Yai likishatoka, ovari hutoa homoni iitwayo projesteroni kwa wingi, na mimba isipotunga projesteroni hiyo hushuka. Dalili za kabla ya hedhi hukaa ndani ya hizo wiki mbili za mwisho na huondoka damu ikiingia au siku chache baada yake.

Sasa sikilizeni hili, litawaokolea pesa. Wanawake wanaoteseka wakipimwa homoni, kwa kawaida vipimo vyao vinakutwa sawa na vya wenzao wasioteseka. Tofauti ni namna ubongo unavyoupokea huo mpando na mshuko. Projesteroni ikivunjwavunjwa mwilini inaacha kitu kinachogusa palepale kwenye ubongo panapoguswa na pombe na dawa za usingizi. Wengi kinawatuliza, wengine kinawavuruga. Serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, nayo imo. Kwa hiyo mtu akikwambia "lete pesa tupime kiwango cha homoni tujue PMS yako, yaani hizi dalili za kabla ya hedhi", mwambie kipimo chako ni daftari.

Nikipewa daftari, kitu cha kwanza ninachotafuta ni wiki nzuri. Mleta uzi anayo, siku ya 6 mpaka ya 15. Kama huna wiki nzuri, yaani mwezi mzima ni giza na wiki ya mwisho giza nene zaidi, hapo tunafikiria sonona, tezi ya shingo au upungufu wa damu. Msiudharau upungufu wa damu. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania wanao. Mtu anajiita mvivu kumbe damu haitoshi.

Na kwa anayedhani mambo haya yamezaliwa na simu: daktari Robert Frank wa New York aliyaandika mwaka 1931, na jina PMS likatolewa Uingereza mwaka 1953 na Raymond Greene na Katharina Dalton. Simu ya mkononi ya wapi hiyo?

MwanaWaWete

Asalaam aleikum. Huku kwetu maumivu yote ya tumbo jina lake chango, na bibi anakwambia kila mwanamke ana chango lake. Nilipovunja ungo somo wangu alinifunza yote, kujifunga, kujitwahirisha, siku za Ramadhani zinazonipita nizilipe vipi. Hizi siku za kabla hakunambia kitu.

Mie nikidhani imani yangu ndiyo inayopungua. Wiki ile hata kusimama kusali nahisi uzito, namjibu mama vibaya kisha nalia kwa toba. Halafu naingia mwezini, sisali, na moyo ndiyo kwanza unatulia. Yaani natulia wakati uleule ambao sisali! Likinitia hofu khasa jambo hili, nikiogopa kumwambia mtu. Leo nimesoma hapa nimelia tena, na niko siku ya 8, kwa hiyo hiki ni kilio cha kweli.

BintiMzizima

MwanaWaWete nimekukumbatia kutoka huku ng'ambo ya maji. Andika mizunguko miwili, kisha mwoneshe mama.

DadaKariakoo

Samahani naingilia. Mimi shida yangu ni siku ya kwanza yenyewe. Nameza diklofenaki mbili na Panadol mbili tumbo tupu nalala. Kuna ubaya?

NesiWaZamu

Ubaya uko kwenye tumbo tupu, na kwenye hizo mbili kwa mpigo. Maumivu ya siku zenyewe yanaletwa na prostaglandini, kemikali inayofanya kizazi kijikamue. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki zinazuia isitengenezwe, ndiyo maana zinafaa zaidi ukianza mapema, damu inapoonekana tu. Ukisubiri mpaka ujikunje umeshachelewa. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya masaa manane, siku mbili tatu, kwa wengi inatosha. Usichanganye mbili za kundi hilo. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu inayoamshwa na dawa hizi, au anayehisi ana mimba, asiziguse kabla ya kumwona daktari.

Chupa ya maji ya moto chini ya kitovu, kanga katikati usiungue, si mambo ya kizamani. Joto limepambanishwa na ibuprofeni kwenye utafiti, likasimama nayo bega kwa bega.

Ila pedi ikijaa kila saa, mabonge makubwa yakitoka, au maumivu yakiongezeka mwaka hadi mwaka, au yanakuja wakati wa tendo na wakati wa haja kubwa, hiyo si ya kuvumilia nyumbani. Endometriosisi ipo, yaani nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake, Shirika la Afya Duniani linakadiria mwanamke mmoja kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa anayo, na wengi wanakaa nayo miaka wakiambiwa "ukizaa litaisha".

BintiMzizima

Nimerudi. Siku ya 25, nimekunywa uji, nyumba imetulia. Ya kwangu ni haya.

Kubwa ni kuhamisha vitu. Kudai wadeni sugu, kuongea na mama mwenye nyumba habari ya choo, kumwambia dada wa kazi jambo asilopenda kusikia, vyote hivyo navipanga kati ya siku ya 7 na ya 14. Hesabu za kufunga mwezi siwezi kuzihamisha, mwezi ule ni wa kampuni nzima. Zikiangukia siku ya 24 namwomba mwenzangu ajumlishe tena baada yangu. Mwezi wa tisa alikuta nimeongeza sifuri kwenye mabati. Sifuri moja tu, ila ingetuletea malori.

Halafu barua, ujumbe mrefu, na zile sauti za WhatsApp za dakika tatu, vyote vinalala siku tano kabla ya kutumwa. Nyingi zikiamka hazina kazi. Moja iliamka bado ina ukweli wake, nikaituma, wifi akaomba radhi kuhusu sufuria. Nasema hili makusudi kwa sababu watu wanadhani kila unachokasirikia siku hizo ni homoni tu. Sufuria yangu ilikuwa imeungua kweli. Siku ya 24 inaongeza sauti, wimbo unakuwepo tangu zamani.

Upande wa chakula nilisikia habari ya kalsiamu nikaifuatilia. Kuna utafiti wa Marekani wa 1998, wanawake walipewa miligramu 1200 kila siku, na kufikia mzunguko wa tatu dalili zilikuwa zimepungua karibu nusu. Waliopewa kidonge kisicho na kitu nao zilipungua, kama asilimia 30, ujue matumaini nayo yana nguvu zake. Mimi sikununua vidonge, nilipiga hesabu ya jikoni. Gramu 100 za ulezi zina kama miligramu 340. Glasi ya maziwa ya mililita 250 inaleta karibu 300. Dagaa ukimtafuna na miiba yake umekula kalsiamu yenyewe. Kwa hiyo asubuhi uji wa ulezi uliolala ukachachuka, maana ukichachuka madini yake hunyonywa vizuri zaidi, waliotupa togwa hawakuwa wajinga. Mchana mtindi. Dagaa mara tatu au nne kwa wiki, nyumba inanuka, wapangaji wenzangu wamezoea. Chai ya rangi nimeiondoa mezani, nainywa saa moja baada ya chakula, kwa sababu inazuia chuma kisiingie mwilini na mimi chuma nakihitaji.

Usingizi umenisaidia kuliko hata dagaa. Kuanzia siku ya 19 saa tatu na nusu usiku simu inalala sebuleni. Na nashuka vituo viwili kabla ya kwangu natembea, dakika kama arobaini. Siku ya 23 miguu haitaki kabisa, nakwenda hivyohivyo nikinung'unika peke yangu.

Yaliyoshindikana: ile ya kula mbegu za maboga nusu ya kwanza ya mzunguko na ufuta nusu ya pili, mnaiona huko TikTok. Mbegu tamu. Daftari halikuona tofauti. Nikajaribu pia kuacha chumvi kabisa, nikawa na hasira za siku ya 24 pamoja na mchicha usio na chumvi.

Sasa msidhani nimepona. Zamani hasira ilikuwa 3 siku nne mfululizo. Sasa hivi naona 2, na 3 siku moja. Chupa ya chai ninayotumia ni ileile tangu Agosti.

KijitiMkononi

Na sisi wa kijiti cha uzazi wa mpango? Damu yangu inakuja inavyotaka, miezi miwili haipo halafu inatona wiki mbili. Siku ya 1 nitaitoa wapi?

NesiWaZamu

Andika kwa tarehe za kawaida, kila siku, miezi mitatu. Kama ubaya unarudi kwa mpangilio daftari litakuonesha. Njia za uzazi wa mpango zinatofautiana kwa watu. Wengine zikizuia yai lisitoke dalili zinapoa, wengine hasira zinaanzia hapo. Vidonge navyo si vyote sawa, kuna aina yenye drospirenoni iliyothibitika kusaidia dalili kali, na siyo ile ya majira mnayopewa bure kliniki. Usikimbilie kutoa kijiti kwa sababu ya uzi, rudi walipokuwekea uongee nao, daftari mkononi.

Na wale wa vitamini B6, msimeze kiholela. Dozi kubwa kwa muda mrefu inaharibu neva, unaanza kufa ganzi vidole.

Mama Mizizi Asilia

Dawa ya kusafisha kizazi na kutoa homoni mbaya ipo, elfu 45 tu, mikoani tunatuma. Njoo PM.

NesiWaZamu

Kizazi hakisafishwi, kinajisafisha chenyewe kila mwezi, ndiyo hiyo hedhi. Nimeshapokea wodini waliowekewa vitu ukeni kwa jina hilo la kusafisha, wamekuja na homa na usaha. Msimamizi wa jukwaa tuondolee huyu.

Baba_Watatu

Naongea kama mume, mnisamehe. Miaka saba ya ndoa, kila tukigombana nilikuwa nauliza "kwani uko kwenye siku zako?" Nilidhani naonesha uelewa. Siku moja mke wangu akanijibu kwa utulivu mkubwa kwamba swali lile linamfanya kila anachosema kisiwe na maana, na kwamba afadhali nimtukane. Liliniingia.

Sasa hivi sisi tumebandika kalenda ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Yeye anaweka nukta ndogo ya wino wa bluu siku zinapokaribia. Mimi sisemi kitu, naiona tu nikichukua kikombe. Jumamosi ya wiki hiyo nawachukua watoto tunavuka kwa pantoni kwenda kwa bibi yao Kigamboni, yeye anabaki na nyumba yake kimya. Tukirudi jioni anakuwa amelala au ameosha nguo zote za nyumba, moja kati ya hayo. Swali langu: siku hizo akilia, niongee au ninyamaze?

KitumbuaMoto

Nyamaza. Leta vitumbua.

BintiMzizima

Muulize siku ya 10, atakwambia anachotaka siku ya 24. Mimi nataka mtu akae karibu na asinishauri.

MvuaYaNairobi

Hamjambo watu wa Bongo. Huku Kenya tumepigania pedi sana. Ushuru ukaondolewa 2004, halafu sheria ya 2017 ikasema msichana wa shule apewe bure. Ni vizuri, lakini yote ni ya damu. Hizi siku za kabla hakuna mtu huzitaja, hata kazini unasema tu uko na homa. Wazambia ndio nawaonea wivu, sheria yao inampa mwanamke siku moja kila mwezi, wanaiita Siku ya Mama, na haitaki barua ya daktari.

DadaKariakoo

Sisi kodi ya pedi ilifutwa 2018, 2019 ikarudi. Hiyo siku moja ya Zambia ngoja kwanza.

UsikuMrefu

Nimesoma tangu juu. Yangu siyo ya vitumbua. Siku tatu nne kabla ya damu natamani nisiamke. Nawaangalia watoto naona wangekuwa salama zaidi bila mimi. Damu ikiingia najishangaa, nasema nilikuwa na nini. Miaka sita. Sijawahi kumwambia mtu.

NesiWaZamu

Dada, asante kwa kusema. Nakuuliza waziwazi kama ninavyouliza wodini: leo uko siku ya ngapi, na hayo mawazo yapo sasa hivi? Yakiwepo, mwamshe mtu wa nyumbani akae na wewe usiku huu, dawa zote za nyumba azishike yeye, na asubuhi mwende hospitali pamoja. Usingoje miadi, idara ya dharura inakupokea. Kama leo moyo umetulia, tumia utulivu huu kwenda. Watu wengi wa hali yako hawaji kwa sababu wakipata nguvu za kuja wanajiona wazima.

Unayoeleza yana jina. Ni aina kali inayoitwa PMDD, mwaka 2013 iliingizwa rasmi kwenye kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, na sasa imo pia kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Uji wa ulezi hautoshi hapo, na hupaswi kuambiwa unatosha. Kuna dawa, kama fluoksetini na sertralini, ambazo kwenye sonona ya kawaida huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, lakini kwenye hii wengi wanapata ahueni ndani ya siku chache, na daktari anaweza kukuandikia uzimeze zile wiki mbili za mwisho tu za mzunguko. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili. Mlangoni usiseme una msongo. Sema "kila mwezi siku nne kabla ya hedhi nataka kufa", maneno hayohayo.

UsikuMrefu

Siku ya 9. Mawazo hayapo leo. Dada yangu anaishi nyumba ya tatu. Ngoja niende.

BintiMzizima

Tunakusubiri hapa. Ukirudi hata usiku wa manane andika.

BintiMzizima

Damu imeingia juzi alfajiri, leo ni siku ya 3. Mzee wa Kigoda, sasa nakujibu.

Bibi yangu alizaa wanane. Nilimpigia simu jana nikamuuliza alikuwa anapata hedhi mara ngapi, akacheka akasema alikuwa haioni, akiachisha mmoja kunyonya mwingine yuko tumboni. Kuna watafiti waliowafuatilia wanawake wa kabila la Dogoni kule Mali, wanaozaa na kunyonyesha kama bibi zetu, wakakuta mwanamke anapata hedhi kama 100 hivi maisha yake yote. Mimi sijazaa, nikija kuzaa wawili nitafika 400 huko. Kwa hiyo hizi siku za 24 bibi alikutana nazo chache, mimi nazipata mara 13 kwa mwaka.

Na hizo chache nazo hakuzisahau. Nilipomuuliza alikuwaje akikaribia, alinyamaza kidogo akasema, "Babu yako alikuwa anajua. Akiniona nimeanza kufagia uwanja saa kumi alfajiri, alikuwa anachukua jembe anakwenda shamba la mbali."

Mzee wa Kigoda

Mia nne? Duh. Haya nimesikia. Simu bado zinadekeza lakini.

KitumbuaMoto

Babu wa shamba la mbali ameshinda uzi huu.

MwanaWaWete

Nimemaliza mzunguko wa kwanza kuandika. Zangu zinaanza siku ya 20, na niko sifuri kuanzia ya 5. Mama nimemwonesha. Kalichukua daftari akalisoma kimya, kisha akaniuliza kama naye ataweza kupata moja, ana miaka 46 na siku hizi hajielewi.

NesiWaZamu

Huyo mama ana mambo yake mengine ya umri huo, mfungulie uzi mpya. Ila daftari ni lilelile.

UsikuMrefu

Nimerudi. Dada alilala kwangu siku zote nne mbaya za mzunguko uliopita. Daktari kasoma daftari ukurasa kwa ukurasa, hakuna aliyewahi kuniuliza maswali yale. Nimeanza dawa, leo siku ya 25. Nimechoka na kichwa kinauma kidogo. Nimepika wali, watoto wanakula.